Kazi Yangu ya Hesabu za Kodi

Kila kazi ina majira yake. Mkulima hungoja mvua, mvuvi hungoja bamvua na maji mafu, nami hungoja mwezi wa Juni. Labda ninyi msomao habari hizi hamjapata kusikia ya kuwa iko kazi ya kuwaandikia watu hesabu za kodi zao. Hata baadhi ya wazee wetu hustaajabu, wakauliza, "Je, mtu aweza kupata riziki kwa kuhesabu fedha za wengine?" Naam, aweza, ingawa fedha zenyewe sizishiki, nashika habari zake tu. Basi nitawaeleza jinsi kazi hii ilivyo, nanyi mtaona wenyewe kama ni kazi ya maana au sivyo.

Mimi nakaa Voi, mji ulio katika njia ya reli kati ya Mombasa na Nairobi, penye joto jingi na vumbi jekundu. Zamani nalikuwa karani wa mishahara katika shamba la mkonge. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja nalipokea hesabu za siku za kazi kutoka kwa manyapara, nikazigeuza kuwa shilingi na senti. Kisha nikaacha kazi ile, nikajifunza sheria za kodi, nikapewa kibali cha kuwa wakala, nikapanga chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Humo chumbani mna meza moja, viti viwili, benchi la kungojea, kompyuta, mashine ya kuchapa, na kabati la chuma lenye kufuli. Sina tajiri wala mshahara. Siku nisipofungua mlango sipati kitu. Watu wa mji waliniita Karani tangu siku zile za mkonge, na jina hilo limekaa.

Sasa sharti niieleze sheria yenyewe, ili maneno yajayo yasiwe fumbo. Katika nchi ya Kenya, mtu mzima atakaye kufungua akaunti ya benki, au kuandikisha gari, au kuomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu, hutakiwa awe na namba ya kodi, ambayo watu huiita PIN. Namba hii ina herufi moja mbele, tarakimu tisa katikati, na herufi moja nyuma, nayo ni ya mtu mmoja tu. Mwenye namba hiyo ana wajibu wa kuieleza Mamlaka ya Mapato ya Kenya kila mwaka mapato yake yote ya tangu Januari hata Desemba. Maelezo hayo huitwa marejesho, na siku ya mwisho ya kuyapeleka ni tarehe 30 Juni ya mwaka ufuatao. Hata yule asiyepata senti moja mwaka mzima yampasa aseme hivyo. Huandika sifuri, akapeleka. Zamani watu walijaza karatasi, lakini siku hizi hupeleka kwa njia ya intaneti.

Kodi si jambo geni katika nchi hii, na namna ilivyoanza ndiyo sababu wazee wengi hulisikia neno hili kwa uchungu. Mwaka 1901 serikali ya Waingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba. Fedha ya siku zile ilikuwa rupia, na mtu asiyekuwa na rupia ilimlazimu aende akazitafute kwa kazi ya ujira. Hakuulizwa amepata nini mwaka ule. Nyumba yake ilihesabiwa, basi. Kodi ya mapato ilikuja baadaye, mwaka 1937, nayo ni ya namna nyingine. Hii humwuliza mtu kwanza, "Umepata kiasi gani?" ndipo humtoza. Mamlaka tuliyo nayo sasa iliundwa mwaka 1995, nayo huuliza swali lile lile.

Tazameni tofauti yake. Kodi ya nyumba yaweza kuhesabiwa na mtu apitaye njiani, akitazama mapaa. Kodi ya mapato haihesabiki mpaka mwenyewe afungue kinywa chake na mfuko wake. Kwa hiyo kazi yangu yote yategemea jambo moja, yaani, kama mtu aliyeketi mbele yangu atasema yaliyo kweli.

Nafungua mlango saa mbili asubuhi. Katika kila mwezi zipo tarehe mbili za kuziangalia. Ifikapo tarehe 9, walioajiri watu wawe wamekwisha kupeleka kodi waliyoikata katika mishahara ya mwezi uliopita. Ifikapo tarehe 20, wafanya biashara wakubwa wawe wamepeleka kodi ya ongezeko la thamani, na wenye nyumba za kupangisha wawe wamepeleka kodi ya pango. Siku za karibu na tarehe hizo benchi langu hujaa. Siku nyingine nakaa peke yangu nikipanga karatasi na kusoma sheria mpya, kwa sababu sheria za kodi hubadilika mara kwa mara, na aliyelala mwaka mmoja huamka amekuwa mjinga.

Yuko mama mmoja, mjane, mwenye vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja shilingi 7,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 kodi ya pango kwa watu kama yeye ilikuwa asilimia saba na nusu ya pango alilolipokea, pasipo kutoa gharama. Vyumba vyote vinne vikiwa na watu, alipata shilingi 28,000, na kodi yake ilikuwa shilingi 2,100. Mwezi mpangaji mmoja alipohama, alipata 21,000 tu, na kodi ikawa shilingi 1,575. Mama huyu hakusoma sana, lakini analo daftari la shule ambalo mjukuu wake humwandikia: tarehe, jina, chumba, fedha. Katika watu wangu wote hapana mwenye hesabu safi kuliko yake. Huja, huketi, hufungua daftari lake, na kazi yetu huisha kabla chai haijapoa.

Yuko na mwingine, mtu wa kiume, msomi, mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Huyu huja na mfuko wa nguo umejaa karatasi, akaumwaga mezani kama mtu amwagaye mahindi, akasema, "Karani, zote zimo humu." Kumbe zote hazimo. Stakabadhi nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto juu ya karatasi laini, wala hazina wino; zikikaa karibu na jua au mahali pa moto, maandishi hufifia, hata ikabaki karatasi tupu. Mimi naweza kuinua karatasi ile nikaielekeza dirishani, nikaona kivuli cha tarakimu, nisijue kama ni 3 au 8. Gharama isiyoweza kuonyeshwa haiwezi kutolewa katika hesabu, basi mwenye duka hulipa kodi ya faida ambayo hakuipata. Huo ndio mshahara wa kutotunza karatasi. Nimemwambia azitolee nakala siku ile ile azipatapo, naye huitikia vizuri sana, lakini mwezi ujao huja na mfuko ule ule.

Iko na sheria moja ya chumba changu, ambayo sheria ya nchi haikuiandika. Kila mtu ana neno lake la siri la kufungulia hesabu zake katika kompyuta. Mimi namwambia aliandike mwenyewe kwa vidole vyake, nami nageuza uso nikatazama ukutani. Wengine hucheka, wakaniambia, "Karani, wewe tunakuamini, liandike wewe." Nawajibu, "Mnaniamini leo. Je, kesho fedha zikipotea?" Neno la siri lililojulikana na watu wawili limekwisha kuacha kuwa siri. Kisha marejesho yakiwa tayari, nageuza kioo cha kompyuta kimwelekee mwenyewe, nikamsomea kila tarakimu kabla hajayapeleka. Jina lililo juu ya marejesho ni lake. Mimi ni mkono tu ulioandika.

Sasa nitawasimulia habari za watu wawili, maana kazi hujulikana kwa mifano.

Wa kwanza ni kijana aliyekuja mwezi wa Agosti 2022. Alikuwa amechukua namba ya kodi mwaka 2019 ili aombe mkopo wa chuo. Mkopo alipata, akasoma, akamaliza. Hakupata kazi yoyote katika miaka ile, naye akadhani ya kuwa asiye na mshahara hana neno na watu wa kodi. Sasa alikuwa ameitwa kazini serikalini, akatakiwa alete cheti cha kuonyesha kwamba hana deni la kodi. Nalipofungua hesabu zake tukaona miaka mitatu mitupu: 2019, 2020 na 2021. Faini ya mtu aliyechelewa kupeleka marejesho yake ni shilingi 2,000 au asilimia tano ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo. Kwa miaka mitatu ikawa shilingi 6,000. Yule kijana akanitazama, akasema, "Lakini sikupata kitu. Watanitozaje kwa kitu ambacho sikukipata?" Nikamwambia, "Hawakutozi kwa kupata, wakutoza kwa kunyamaza." Mama yake aliuza mbuzi, deni likalipwa, cheti kikatoka. Kazi aliipata. Lakini mbuzi yule alikuwa ni wa maziwa, na kama kijana angaliandika sifuri mara tatu, kazi ya dakika chache kila mwaka, mbuzi angalikuwako hata leo.

Wa pili ni mzee mmoja mlinzi. Huyu hakungoja Juni. Alikuja mapema mwezi wa Aprili 2025 na hati zake mbili mkononi, zimekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Kila mwajiri humpa mtumishi wake hati ya mwaka iitwayo P9, yenye kuonyesha mshahara wa kila mwezi na kodi iliyokatwa. Mzee alikuwa na hati mbili kwa sababu alikuwa na kazi mbili: usiku alilinda ghala, na asubuhi, kabla hajaenda kulala, alitunza bustani mahali pengine. Alikuwa akisomesha wajukuu wanne.

Chukueni kalamu mfanye hesabu hii pamoja nami. Katika mwaka 2024 shilingi 24,000 za kwanza za kila mwezi zilitozwa asilimia 10, na shilingi 8,333 zilizofuata zilitozwa asilimia 25. Kisha kila mtu alipunguziwa shilingi 2,400 za kodi kwa mwezi. Kule ghalani fedha za mzee zilizotozwa kodi zilikuwa 24,000 kwa mwezi. Asilimia 10 yake ni 2,400. Ondoeni punguzo la 2,400, imebaki sifuri. Kule bustanini zilikuwa 8,000. Asilimia 10 yake ni 800. Mwajiri wa pili naye akaondoa punguzo, ikabaki sifuri. Hivyo hakuna mwajiri aliyekata hata senti, na mzee aliamini ya kuwa hadaiwi kitu.

Lakini punguzo lile ni la mtu, si la kazi. Mtu mmoja hupewa mara moja tu. Jumlisheni mishahara yote miwili: 32,000. Katika 24,000 za kwanza kodi ni 2,400. Katika 8,000 zilizosalia, kwa asilimia 25, kodi ni 2,000. Jumla 4,400, ondoeni 2,400 mara moja, zabaki 2,000 kila mwezi. Kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 24,000.

Nalimsomea tarakimu zile polepole. Mzee akanyamaza kimya kirefu. Kisha akaichukua hati ya bustani, akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Karani, mwanangu, tuseme hii ya pili hukuiona."

Haikuwa mara yangu ya kwanza kusikia maneno kama hayo, lakini yalikuwa mazito zaidi kwa kuwa msemaji hakuwa mwivi. Shilingi 24,000 zilikuwa sawa na mwezi mzima wa kukesha. Nilijua karo ya wajukuu yadaiwa mwezi wa tano. Nilijua pia ya kuwa mjini yuko mtu mwenye meza yake ambaye angaliificha hati ile kwa ujira mdogo bila kuuliza. Nikamwambia, "Mzee wangu, kila mwajiri hupeleka kwa Mamlaka namba za watu wake kila mwezi, huenda yule wa bustani amekwisha kukutaja. Lakini hata kama hakukutaja, mimi nimeiona hati. Siwezi kuandika ya kuwa sikuiona. Ukitaka nikuandikie, nitaandika zote mbili, kisha tutaomba ulipe kidogo kidogo. Ukitaka vingine, hati zako hizi hapa, wala sitakudai ada, wala sitalisema neno hili kwa mtu."

Akazichukua hati zake akaenda zake. Siku ile nilifunga mlango mapema, maana moyo wangu haukuwa na raha. Kusema kweli mbele ya mtu tajiri ni rahisi. Kusema kweli mbele ya mtu aliyechoka ni kazi.

Siku ya tatu akarudi, amevaa bado koti lake la kulindia. Akaziweka hati mbili mezani, moja juu ya nyingine. Akasema, "Mimi nalinda magunia ya watu. Jioni nakabidhiwa kwa hesabu, na asubuhi nakabidhi kwa hesabu. Likipungua moja, sisemi sikuliona. Andika zote." Tukaandika. Tukaomba ruhusa ya kulipa kwa mafungu, ikakubaliwa, pamoja na nyongeza ya kuchelewa kama sheria inavyotaka. Tangu siku hizo ameweka desturi ya kutenga shilingi 2,000 kila apokeapo mshahara, ili mwaka ukiisha asishtuke. Nami nikamwandikia barua ya kumwonyesha yule mwajiri wa pili, ili asimpunguzie tena kodi ambayo imekwisha kupunguzwa mahali pengine.

Basi ikifika Juni, mambo huwa mengine kabisa. Mwezi wote watu huja wachache wachache, lakini juma la mwisho huja kama nzige. Benchi halitoshi, watu hukaa barazani penye duka la vitambaa, na mwenye duka hunung'unika, lakini naye huuza. Nchi nzima hugonga mlango mmoja kwa wakati mmoja, na kompyuta huenda polepole, duara dogo likizunguka juu ya kioo wala lisifike mwisho. Mara umeme hukatika. Mwalimu amesahau neno lake la siri. Dereva wa lori alifunguliwa anwani ya barua-pepe na mtu asiyemjua, mahali asipopakumbuka, na pasipo anwani ile hawezi kupata neno jipya. Mwuguzi amekuja mbio kutoka zamu ya usiku, hati yake ya P9 bado haijatolewa na mwajiri. Wote hao mlango wao ulikuwa wazi tangu Januari.

Katika siku hizo wengine huondoka wakaenda kwa yule mwenye meza, kwa maana huahidi kwamba atawarudishia fedha za kodi, nami siahidi. Naona wakienda, na ada yangu yaenda pamoja nao. Ada hiyo si kubwa: shilingi 200 kwa mwenye sifuri, 500 kwa mwenye hati moja, na zaidi kidogo kwa mwenye biashara. Kwa fedha hizo nalipa pango la chumba, intaneti, na chakula cha nyumba yangu. Lakini wako ambao baada ya mwaka mmoja au miwili hurudi na barua ya Mamlaka mkononi, wakiniuliza maana ya tarakimu ambazo wao hawakuzisema wala hawakuzisoma, ila zina jina lao juu yake. Hapo ndipo hufahamu ya kuwa mwandishi aliyekuandikia uwongo hayumo katika barua. Ni wewe peke yako uliyemo.

Nanyi wasomaji, miaka si mingi nanyi mtapewa namba zenu. Mtafurahi, kama watu wafurahivyo kupata kitu chenye jina lao. Siku ile mtakapoipokea, fanyeni mambo matatu. Kwanza, andikeni katika daftari tarehe 30 Juni, na kila mwaka mpeleke marejesho yenu, hata kama ni sifuri. Pili, tunzeni kila karatasi ya fedha iingiayo na itokayo, kama yule mama mjane na daftari la mjukuu wake. Tatu, msipeleke hesabu msiyoisoma, ijapokuwa aliyeiandika ni karani mwenye sifa njema.

Nawe ukiona hesabu za darasani ni kavu, kwamba kujumlisha na kutoa hakuna maana ila kumpendeza mwalimu, basi ifanye tena ile hesabu ya mzee mlinzi, uangalie lile punguzo la 2,400 linavyotolewa mara mbili mahali pa mara moja. Kosa hilo si kubwa kwenye karatasi. Nyumbani mwake lilikuwa mwezi mmoja wa kukesha.